Kadi ya Nafasi Nne kwa Familia ya Watoto Watano

Karakana ya Sauti na Picha,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la mikate.
Jumatano, tarehe 31.

Kwa Meneja,
Duka la Vifaa vya Kompyuta,
Mlango wa buluu, mkabala na posta.

Ndugu Meneja,

YAH: KADI YENYE NAFASI NNE KUUZWA KWA FAMILIA YENYE WATOTO WATANO

Jumanne ya tarehe 23, saa tatu na dakika kumi asubuhi, tulipoteza saa kumi na moja za sauti ya baba yetu. Si kumi, si kumi na mbili. Nilizipima mwenyewe na daftari la vipimo ninalo. Baba yupo, anakula vizuri, anapanda ngazi zetu bila kushikwa mkono. Kilichopotea ni sauti. Tarehe 9 alifanyiwa upasuaji wa koo, na daktari alikuwa ameshatuambia mapema kwamba akitoka pale hataongea tena. Kwa hiyo kabla ya hapo tulimkalisha mbele ya kamera tatu, tukampa redio mbovu ya kufungua ili mikono isimsumbue, naye akaongea siku sita. Yote aliyoyasema tuliyaweka kwenye kadi ya kuongeza hifadhi, yenye nafasi nne za kupachika diski, tuliyoinunua dukani kwenu tarehe 4. Kadi ipo. Risiti ipo. Sauti haipo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi ya kusoma kurasa zote. Uniwie radhi kwa mwandiko: nimeazima miwani ya mume wangu, yangu sijui imekwenda wapi wiki hii yote, na kwa miwani hii tarakimu nane na tatu zinafanana kama mapacha. Tungekuja wenyewe, wote watano, tusimame mbele ya kaunta yako kama tulivyosimama siku ya kununua, lakini mvua haijakatika tangu Jumatatu ya wiki iliyopita na hatuna mwavuli wa kutosha watu watano. Hata miavuli, utaona, huuzwa bila kufikiriwa familia.

Ili usiseme hutujui: baba yetu alikuwa fundi wa redio. Alianza na chumba kimoja, meza moja na taa ya kuazima. Sisi watoto wake tunahariri sauti na picha za video katika karakana hiyohiyo, kwa kompyuta moja kubwa tunayoiita Bibi, kwa kuwa ikikohoa tu nyumba nzima inasimama. Kaka Mkubwa ndiye msimamizi. Dada Mkubwa ni wa sauti. Mimi ni wa tatu, na kazi yangu ni vipimo na hesabu. Sikusomea kompyuta darasani, nilianza kwa kurudisha kanda za kaseti kwa kalamu nikiwa na miaka minane, na nilipo leo nimefika kwa miguu yangu. Karakanani wananiita Kikokotoo, na sijawahi kukasirika. Wa nne ni mpiga kamera, tunamwita Haraka. Wa tano ni Kitinda mimba, mwenye miaka thelathini na miwili, ndevu hadi kifuani, na tabia ya kulindwa na wote.

Watano, Ndugu Meneja. Tafadhali ishike namba hiyo, kwa maana barua nzima inaiegemea.

Ninachodai ni kitu kimoja: mtutengenezee, au mtuagizie popote inapopatikana, kadi ya nafasi tano. Si nne, si nane. Tano. Sababu zangu ni hizi.

1. Mlituuzia kadi bila kuuliza tumezaliwa wangapi.

Dada wenu wa kaunta aliuliza mambo mengi, sikatai. Aliuliza kompyuta ni ya aina gani, ina umri gani, tunaihitaji kwa kazi gani. Aliuliza kama ubao mkuu wa Bibi unaweza kuigawa ile njia pana ya kupitishia data kwenye vijia vinne, ili kila diski ipate kijia chake, au kama tutahitaji kadi ya aina ya pili, ile yenye akili yake inayojigawia yenyewe. Nilikuwa nimekuja na karatasi. Nikamjibu kwamba Bibi hawezi kugawa, nikamtajia urefu wa tundu, nikamtajia nafasi iliyopo ndani ya sanduku, sentimita thelathini na moja kwa rula ya chuma. Akaniambia wateja kama mimi ni wachache. Nilifurahi, nakiri, na furaha ile pengine ilinifanya nisitambue kwamba hajauliza swali la msingi. Mtu akinunua vitanda huulizwa ana watoto wangapi. Akinunua sufuria huulizwa. Sisi tulikuwa watano mbele yake, tumejipanga kwa umri, na hakuhesabu.

2. Uchaguzi wenyewe ulituchukua saa tatu, na hakuna aliyetusaidia kugombana vizuri.

Juu ya kaunta kulikuwa na maboksi matatu: kadi ya nafasi mbili, ya nne na ya nane. Dada Mkubwa aliomba feni ya kila moja iwashwe, akaitegea sikio, akasema ya nane inavuma kama mtu anayekoroma chumba cha pili, na yeye hawezi kusafisha sauti za watu huku kitu kinakoroma. Haraka aliuliza kasi. Akajibiwa. Akauliza kasi tena, kana kwamba ingekuwa imeongezeka. Kitinda mimba alitaka kujua kama inawaka taa za rangi. Alipoambiwa hapana akaenda kusimama dirishani, akawa anaangalia watu wa posta. Mimi nilikuwa upande wa namba. Kamera tatu kwa saa kumi na moja, kila saa ya kila kamera gigabaiti mia nne: jumla terabaiti kumi na tatu na nukta mbili. Kadi ya nne, ikiwa na diski za terabaiti nne nne, inabeba kumi na sita. Inaingia, na mahali pa kugeukia panabaki.

Kaka Mkubwa alisogea kwenye maboksi. Alizihesabu nafasi za kadi ya nne kwa kidole. Kisha kwa kidole kilekile akatuhesabu sisi. Nilimwona uso ukibadilika, na hapo ndipo muuzaji mwenye huruma angefunga boksi.

3. Kaka Mkubwa ni mtu wa haki, na kadi yenu haikumwachia njia.

Tangu tukiwa wadogo, kitu kikiingia nyumbani yeye ndiye mgawaji. Kipande cha sabuni alikikata kwa uzi. Kadi ilipofika karakanani alitangaza kwamba kila mtoto atakuwa na diski yake, ataiandika jina lake, na ataitunza mwenyewe, kwa kuwa sauti ya baba si ya mmoja wetu. Lilikuwa jambo jema na Dada Mkubwa alilengwalengwa na machozi. Nafasi ya kwanza ikawa ya Kaka, ya pili ya Dada, ya tatu ya Haraka, ambaye kwa haki hakustahili lakini alishafika na kalamu. Ikabaki ya nne na watu wawili: mimi na Kitinda mimba. Nikaambiwa tushirikiane. Mimi, wa tatu kuzaliwa, nishirikiane na mtu niliyembeba mgongoni.

4. Karakana yetu ina sheria moja, na kadi yenu haikuja na onyo lolote kuhusu sheria hiyo.

Miaka thelathini na moja iliyopita mita ya baba ya kupimia umeme iliibwa karakanani. Ilikuwa mpya, ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Siku ile baba alitugombeza wote watano kwa kuacha mlango wazi, hata Kitinda mimba aliyekuwa bado anabebwa, kisha akaweka sheria: kila mtu alale na chombo chake. Tangu hapo, jioni ikifika, kila mmoja wetu huondoka na alichofanyia kazi. Bisibisi, koleo, vipaza sauti, lenzi. Dada Mkubwa aliolewa na chuma cha kulehemu ndani ya sanduku la nguo. Hatujaibiwa tena hata msumari.

Kwa hiyo diski zilipopata wenyewe, zilipata pa kulala. Kila jioni tulimzima Bibi, tukamfungua ubavuni, tukatoa kadi, tukafungua skrubu nne ndogo kuliko punje ya mchele, na kila mtu akaondoka na diski yake, ambayo kwa umbo ni kipande cha ubani bapa wa kutafuna. Kila asubuhi tukazirudisha. Dakika kumi na moja za jioni mara kumi na sita, dakika kumi na tano za asubuhi mara kumi na tano: dakika mia nne na moja, yaani saa sita na dakika arobaini na moja za kufungua na kufunga skrubu. Kadi iliyokusudiwa watu wa haraka, tuliitumia kwa subira hiyo, na haikugoma hata siku moja. Hapo nawapongeza.

Najua utanijibu nini. Utasema dada wa kaunta alitueleza. Ndiyo, alieleza, na kwa kuwa mimi si mtu wa kuficha nitamnukuu neno kwa neno: "Mkichagua kasi, kila faili hukatwa vipande na kusambazwa kwenye diski zote nne. Zinakuwa kitu kimoja. Ikikosekana moja, hamna kitu." Kisha akasema tukitaka usalama, robo ya nafasi itatumika kulindia, na ikifa diski moja hakitapotea kitu. Nikapiga hesabu palepale: robo ikitoka kwenye kumi na sita zinabaki kumi na mbili, na baba ni kumi na tatu na nukta mbili. Baba hakuingia kwenye usalama. Alizidi kwa terabaiti moja na nukta mbili. Nikasema kasi, nikatia sahihi.

Lakini je, alisema tusiende nazo nyumbani? Hakusema. Alisema "ikikosekana". Kwetu sisi kitu kilicho mfukoni mwa ndugu yako hakijakosekana. Kiko kwa ndugu yako.

5. Siku yenyewe.

Jumanne ile Kaka alikuja na yake, imefungwa ndani ya leso. Dada alikuja na yake, ndani ya kopo la sindano. Haraka alikuja na yake mkononi, wazi, mvuani. Nikamwangalia Kitinda mimba. Kitinda mimba akaniangalia mimi. Tukaangaliana hivyo kwa muda ambao sikuupima, na hiyo ndiyo namba pekee inayokosekana katika barua hii.

Akasema, kwa upole unaokera, "Dada, si unayo wewe?"

Nikamwambia Jumatatu ilikuwa zamu yake. Akasema ilikuwa yangu. Nikamwambia diski niliifungua mwenyewe jioni, nikaiweka mezani kando ya chupa ya chai ili aichukue. Akasema aliiona kando ya chupa ya chai akaiacha ili niichukue. Kaka akajaribu kumwasha Bibi kwa diski tatu. Bibi akaamka, akahesabu, akatuandikia kwa herufi nyeupe kwamba ghala halikupatikana. Haraka akasema labda robo tatu ya baba ipo. Nikamweleza kwamba robo tatu ya kila neno si neno.

Tulipindua karakana nzima. Tuliinua sakafu ya plastiki. Tulipepeta takataka za wiki. Nimepekua mifuko yangu yote mara nne na ya Kitinda mimba mara kumi na moja. Na kadi ndogo za kamera, kama utauliza, Haraka alishazifuta ili ziingie kazi nyingine, haraka.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha pembeni. Hakuna aliyethubutu kumgeukia. Alichukua daftari analoongelea siku hizi, akaandika, akaligeuza tulione: "Nilitaka kujisikia nikiwasema."

Nikufafanulie, maana wewe hukuwepo. Kati ya saa kumi na moja zile, kumi ni za kutusema sisi, saa mbili kwa kila mtoto, kwa mpangilio wa kuzaliwa, hakuacha kitu. Zangu zinaanzia nilipokuwa na miaka sita. Ya kumi na moja hatuijui. Aliirekodi peke yake, akatutoa nje, akasema tuisikilize siku moja, sote, tukiwa tumekaa. Tulipanga iwe Jumamosi hii, tarehe 3. Tumeshaazima viti kwenye duka la mikate.

6. Kuhusu zamu, ili hesabu yangu isitiliwe shaka.

Zamu ilikuwa usiku mmoja mimi, usiku mmoja yeye, Jumapili tukiwa tumefunga. Jumatano tarehe 17 ilikuwa yake. Akasema ana ugeni, nikamshikia. Jumamosi tarehe 20 ilikuwa yangu. Akanilipa, akaishika yeye. Moja kwa moja, tumelipana. Jumatatu tarehe 22 zamu inarudi kwake. Mtoto wa darasa la pili angeiona.

Yeye anadai kwamba aliyeshika diski Jumamosi hulala nayo na Jumapili pia, kwa hiyo yeye amelipa usiku mbili kwa deni la usiku mmoja, na Jumatatu ilikuwa ya kwangu. Nimemweleza kwamba usiku wa Jumapili karakana imefungwa, na usiku wa karakana iliyofungwa haumo kwenye hesabu. Akauliza kama Jumapili diski inayeyuka. Kaka Mkubwa ameahirisha uamuzi mara tatu. Familia imegawanyika: wawili wanasema Jumapili ni usiku, wawili wanasema si usiku, na baba ameandika tu alama ya kuuliza.

Sasa tazama, Ndugu Meneja, jinsi hatia inavyowajia taratibu hadi mlangoni. Kama zamu isingekuwepo, ubishi usingekuwepo. Kama nafasi ya tano ingekuwepo, zamu isingekuwepo. Diski yangu ningeitunza mwenyewe, na mimi, kwa umri wangu wote huu, sijapoteza hata kifungo cha shati. Muulize yeyote.

7. Kwa nini kadi ya nafasi nane haikubaliki.

Najua mnayo, niliiona, na dada wa kaunta aliisukuma kwetu mara mbili. Ilikuwa na diski mara mbili, ulinzi wake na mahali pa baba kukaa hata akiongea mwaka mzima. Mimi ndiye niliyeikataa, na sababu yangu haimo kwenye kijitabu chenu cha maelezo. Nane kutoa tano ni tatu. Sisi watano tuna wenzi watatu: wifi, yaani mke wa Kaka; shemeji, yaani mume wa Dada; na mume wangu. Haraka bado anachagua na Kitinda mimba bado anachaguliwa. Nafasi tatu zingebaki wazi asubuhi, na jioni zingekuwa na wenyewe. Wifi angeweka yake ndani ya Biblia au ndani ya unga, kutegemea siku. Shemeji ni mtu wa safari. Na mume wangu, ambaye namheshimu, amepoteza funguo za nyumba mara saba toka tuoane, na mara mbili zikiwa mkononi mwake. Kumkabidhi mtu huyo thumuni ya sauti ya baba ni kuitupa barabarani kwa adabu.

8. Mkishindwa kutupatia nafasi ya tano, inabidi mpunguze watoto.

Hili nimelifikiria kwa utulivu. Kadi zenu ni mbili, nne au nane. Zinajirudufu tu, kana kwamba watu wote duniani huzaliwa mapacha. Ikiwa kadi haiwezi kuja kwetu, basi sisi tuje kwa kadi. Watano kutoa mmoja ni wanne. Ijumaa iliyopita tulipiga kura ya siri nani aondolewe kwenye ukoo wa karakana. Kura tano zikahesabiwa, na mhesabuji nilikuwa mimi: kila mmoja wetu alipata kura moja. Mpaka leo sijui aliyenipigia, ingawa ile karatasi ilikuwa imeandikwa haraka sana.

Kwa kuwa sisi tumeshindwa kuchagua, na kosa ni la kadi, naona ni haki duka lako limchukue mmoja wetu moja kwa moja, kwa mkataba, mumpe kiti na chakula cha mchana. Ningependekeza Kitinda mimba. Hana makuu, anapenda madirisha, na yenu ni makubwa. Jioni asibebeshwe kitu.

9. Mwisho, na hili silisemi kwa mzaha.

Jumamosi, saa nne asubuhi, baba atapanda ngazi zetu na kukaa. Viti vimeazimwa. Mtu lazima asimame mbele yake na kumwambia kwamba ile saa ya kumi na moja, anayodhani bado tunaitafuta, haipo na haitakuwepo, kwa kuwa sauti ya kuirudia hana. Mimi nimejaribu kuliandika jambo hilo kwenye daftari lake mara sita, na mara sita nimeichana karatasi. Naomba uje wewe. Wewe ni meneja, una tai. Uje na dada wa kaunta, mueleze ile njia pana na vijia vinne, mseme kosa lilikuwa kwenye kadi. Kwenu atalipokea. Kwetu ataandika kile kialama chake cha kuuliza.

Naomba, basi, jibu lako la maandishi kwa hoja hizi tisa, zikiwa zimepewa namba kama nilivyozipa mimi. Barua inaletwa kwa mkono na Kaka Mkubwa, ambaye atasubiri kwenye benchi lenu na hatasumbua mtu.

Nisalimie dada wa kaunta, hana baya, alinyimwa tu swali moja. Nisalimie mlinzi aliyetushikia mlango tukiingia watano na kutoka watano. Nisalimie yule mzee wa kufunga maboksi, Haraka anaomba radhi kwa kumchania lile la juu. Nisalimie na wa nyumbani kwako, ambao natumaini ni wanne.

Aliyepungukiwa na nafasi moja,

Kikokotoo,
Mtoto wa tatu, Vipimo na Hesabu.

N.B. Alhamisi, tarehe 1, saa tano asubuhi. Kaka alikuwa ameshavaa viatu vya kuleta barua nikamwambia asubiri.

Leo mvua imekatika. Mume wangu, yule wa funguo, alitoka alfajiri kuanika nguo, akafungua mfuko wa vibanio unaoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, ambao haukufunguliwa toka Jumatatu ile nilipoanua nguo mbio mvua ilipoanza. Ndani ya vibanio akakuta kifuko cha miwani yangu. Ndani ya kifuko akakuta miwani yangu. Chini ya miwani, kwenye kile kitambaa laini, akakuta kipande cha ubani bapa kimeandikwa majina mawili, langu na la Kitinda mimba. Hakusema kitu. Aliniwekea mezani, kando ya chupa ya chai. Ningependelea aseme.

Saa tatu Bibi alimeza diski zote nne. Ghala likapatikana. Kitinda mimba hakunicheka. Alinivutia kiti tu, jambo ambalo sitamsamehe upesi. Tukasema tujaribu faili moja kuona kama ni zima, na kidole cha Haraka kikaenda kwenye la mwisho. Baba alikuwepo. Sote tulikuwepo. Ikatoka sauti yake, kubwa, na mikwaruzo yake ileile, na nyuma yake bisibisi ikigonga kwenye redio.

"Mmekaa wote watano? Hesabuni. Haya. Ile mita haikuibwa. Niliisahau ndani ya redio ya mwalimu, nikaifungia humo kwa skrubu zake zote. Miaka minne baadaye akairudisha, anasema inagonga ndani kama kuna mtu. Nilikuwa nimeshawagombeza wote. Ningewaambia nini?"

Miaka thelathini na moja, Ndugu Meneja. Chuma cha kulehemu kwenye sanduku la harusi. Nikamgeukia baba. Alikuwa anatazama dari, mabega yanamtikisika, hakuna sauti inayotoka, na machozi yanamshuka mpaka kwenye bandeji ya shingo. Kisha akachukua daftari akaandika: "Zimeni. Nyingine Jumamosi." Na chini yake, kwa herufi ndogo, akiniangalia mimi: "Jumapili ni usiku."

Kwa hiyo hoja ya kwanza hadi ya nane nazifuta, na ya tisa haina kazi tena. Vaa tai yako kwa shughuli nyingine. Kitinda mimba hatumtoi. Leo jioni, kwa mara ya kwanza, hakuna atakayelala na chombo. Bibi atafungwa ubavu na skrubu zake zote, na bisibisi amekabidhiwa mume wangu.

Ila baba bado ni terabaiti kumi na tatu na nukta mbili, bado amekaa kwenye kasi bila ulinzi, na Jumamosi ni keshokutwa. Nafasi tatu za ziada hazitakuwa na mwenyewe. Wifi na shemeji wameshaambiwa. Dada Mkubwa amekubali ikorome. Kaka yuko kwenye benchi lenu na barua hii, na atakaa hapo leo na kesho. Nataka jibu la neno moja, kabla ya Ijumaa saa nane kamili mchana: ile kadi ya nafasi nane, ipo au haipo?